Baada ya kelele: nianzie wapi na albamu za gita kavu za Thurston Moore?

Kamba_Sita (Lubumbashi, Katuba)

Salamu kwa wapenzi wote wa gita.

Muziki ulionilea ni wa Sonic Youth, bendi ya roki ya Marekani iliyojaa kelele za magita. Nilianza na Sister ya 1987, ikaja Daydream Nation ya 1988, kisha Dirty ya 1992. Zote nilizikuta kwenye diski ya yaya yangu (kaka yangu mkubwa) aliporudi kutoka masomoni, na tangu siku hizo sijaziacha. Ninachopenda ni pale wimbo unapoachia njia, magita mawili yanaanza kulia kila moja upande wake, nawe unakaa ndani ya ule mlio hadi unasahau kwamba kulikuwa na kiitikio. Mtaani wananiuliza sebene, ile sehemu ya magita ya kuchezea, iko wapi. Kwangu ile ndiyo sebene.

Sasa nyumbani mambo yamebadilika. Mke wa yaya amejifungua, tunakaa parseli moja (kiwanja kimoja), na ukuta kati ya chumba changu na chao ni mwembamba. Ampli (kikuza sauti cha gita) nimeifunika kitambaa. Usiku napiga gita kavu, lile lisilo na umeme, polepole, na nikiwa kwenye hali hiyo ndipo nikaanza kufikiria zile albamu ambazo Thurston Moore, mpiga gita na mwimbaji wa Sonic Youth, alizitoa kwa jina lake peke yake: Trees Outside the Academy ya 2007 na Demolished Thoughts ya 2011. Nimesikiliza nyimbo chache za ile ya pili kwa simu. Kuna kinubi, kuna fidla, sauti yake iko chini. Ni nzuri, sikatai, ila tumboni sikuhisi kitu.

Naomba mnisaidie. Ule moto wa zamani bado umo humo, au mtu alichoka akatulia? Kama umo, niutafute kwenye albamu ipi kwanza? Mega za intaneti ni ghali, siwezi kupakua kila kitu nijaribu. Na kwa wanaopiga: kuna namna gita kavu linaweza kutoa kelele ya aina ile bila kuamsha mtoto?

Moshi_wa_Birere (Goma)

Kaka, anza na ya 2007. Iache ile ya 2011 kwa sasa.

Trees Outside the Academy ilirekodiwa nyumbani kwa J Mascis, mpiga gita wa bendi ya Dinosaur Jr., kule Amherst, Massachusetts, na Mascis mwenyewe anaingia na gita la umeme katika baadhi ya nyimbo. Ngoma ni za Steve Shelley, yuleyule aliyekuwa Sonic Youth tangu 1985. Kwa hiyo mdundo unaoujua uko palepale, kilichobadilika ni gita. Sikiliza Frozen Gtr inayofungua, halafu The Shape Is in a Trance. Fidla ya Samara Lubelski haiji kupamba. Inavuta noti moja kwa muda mrefu huku gita likikimbia chini yake, kazi ambayo kwenye bendi ilifanywa na gita la pili.

Na usiruke ya mwisho, Thurston @ 13. Ni kanda aliyojirekodi nyumbani kwao akiwa na miaka 13: anashika kitu, anakitoa sauti, anashika kingine. Mtu anafunga albamu yake ya gita kavu kwa kutuonyesha mtoto anayetafuta kelele chumbani. Kwa mimi, habari ya kuchoka inaishia hapo.

Nina kibanda cha kunakili karatasi, na kuanzia saa mbili asubuhi majenereta ya jirani yananguruma hadi jioni. Albamu hii naisikiliza kabla hayajawashwa. Ukiisikiliza katikati ya fujo utaona gita linakwaruza tu.

Mama_Fidla (Bukavu, Kadutu)

Kaka wa Katuba, swali lako nalipenda sana kwa sababu ndilo ninalofundisha. Nashughulikia sauti za kwaya, na jioni nina vijana wa gita ambao wote wanataka ampli kabla hawajasikia uzi mmoja unavyolia hadi mwisho.

Kwanza, simu. Spika ya simu inakupa sauti ya mwimbaji na makali ya fidla, basi. Nyuzi nene inazitupa. Katika Demolished Thoughts mambo yote ya maana yako chini na katikati: mkono mzima unaogonga nyuzi, mwili wa gita unaoitika, na mlio unaobaki baada ya mkono kupita. Azima spika za masikioni, hata za bei ndogo, usikilize Circulation kisha Orchard Street, hasa mwishoni ambapo anaacha kuimba. Benediction ni wimbo mzuri mno, lakini ni mlango wa sebuleni, na wewe unataka kupitia jikoni.

Sasa nikueleze moto uko wapi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Moore na Lee Ranaldo, mpiga gita mwenzake wa Sonic Youth, walipiga na mtunzi Glenn Branca pale New York. Branca alikuwa anapanga magita mengi pamoja, nyuzi zimekazwa kwenye noti chache zinazorudiwa, yakipigwa kwa nguvu hadi hewani zinasikika sauti ambazo hakuna mkono uliozipiga. Hao vijana walitoka pale na sikio jipya. Fedha hawakuwa nazo, magita yao yalikuwa ya bei rahisi na mengine hayakukaa kwenye noti za kawaida, wakayapangia noti zao wenyewe. Bisibisi na vijiti vya ngoma wakavichomeka chini ya nyuzi. Ikafika mahali wimbo fulani una gita lake fulani, na gari lao la vyombo lilipoibiwa California Julai 1999, hasara haikuwa ya mbao na waya peke yake. Zilipotea na njia za kupiga nyimbo zenyewe.

Angalia walivyopanga. Kwenye Teen Age Riot ya Daydream Nation, Ranaldo amezikaza nyuzi zake sita hivi: sol, sol, re, re, sol, sol. Kwenye Schizophrenia ya ile Sister unayoipenda kuna fa diezi (fa iliyopandishwa nusu hatua) mbili, sol mbili, la mbili. Jozi, jozi, jozi. Nyuzi mbili kwenye noti moja hazilingani kamwe kabisa. Moja ikitetemeka mara 147 kwa sekunde na mwenzake mara 149, sikio lako linasikia sauti inapanda na kushuka mara mbili kila sekunde, ingawa mkono wako umetulia. Ongeza jozi nyingine, na nyingine, kila moja na mwendo wake. Hilo ndilo linalokushika tumboni. Ampli inalikuza na kulichafua, lakini halikuzaliwa kwenye ampli.

Kwenye Demolished Thoughts Moore anapiga gita la nyuzi 12. Kaka, gita la nyuzi 12 limejengwa kwa jozi! Nyembamba ziko mbilimbili kwenye noti moja, nene kila moja ina mwenzake wa juu yake. Alichokuwa anakitengeneza kwa kukaza na kulegeza nyuzi kwenye magita ya bei rahisi, hapa anakipata kwenye mbao zenyewe. Mwanamuziki Beck ndiye aliyetayarisha albamu, na nadhani alielewa vizuri alichokuwa nacho mezani. Kinubi cha Mary Lattimore na fidla ya Lubelski vinaingia katika ile nafasi ambayo zamani ilijazwa na ampli kupiga ukelele. Ukisikiliza kinubi kama pambo utachoka haraka. Kifuate kama gita la tatu.

Hata jina la albamu limetoka kwenye maneno ya wimbo wa The Faith, bendi ya panki kali ya Washington, D.C. Mtu aliyechoka na fujo hatafuti jina la albamu kule.

Na huu utulivu haukuja uzeeni. Mwaka 1994 albamu yao Experimental Jet Set, Trash and No Star ilifunguliwa na Winner's Blues: ni Moore na gita kavu peke yake, bendi haijaingia. Kabla ya hapo, kwenye EVOL ya 1986, kuna Shadow of a Doubt ambapo Kim Gordon, mwenzao wa bendi, ananong'ona karibu wimbo wote na magita yanadondosha noti mojamoja. Huenda hizo unazo tayari kwenye diski ya yaya wako, na kama zimo hazitakugharimu hata mega moja. Zipitie tena kabla ya kupakua chochote.

Kuhusu kupiga usiku, jaribu hivi. Uzi wa tatu ambao ni sol, ulegeze taratibu hadi ufikie re, uwe sawa na uzi wa nne. Uzi wa pili, ambao ni si, ushushe hadi sol. Uzi wa tano, la, ushushe nao hadi sol. Zile nyuzi mbili za pembeni, zilizo kwenye noti mi, usiziguse kwa sasa, na usikubali mtu akushauri kuzivuta hadi sol kwa nyuzi za kawaida, zitakatika na mbao zitaumia. Piga nyuzi nne za katikati kwa nyama ya kidole gumba, si kucha. Acha zilie hadi zife zenyewe. Halafu zungusha kisikio cha uzi wa tatu (kile cha kukazia uzi) kidogo, kidogo sana, huku unasikiliza. Utakutana na yule mnyama wako, na sauti haitavuka ukuta.

Nyuzi_Kumi_na_Mbili (Lubumbashi, Kampemba)

Mama Fidla ameeleza habari ya jozi vizuri kuliko nilivyowahi kuisoma popote. Lakini kwenye Demolished Thoughts siendi naye hadi mwisho.

Kwa sikio langu, albamu ile imevalishwa mno. Fidla juu ya kinubi, kinubi juu ya gita, mwangwi juu ya yote. Kuna mahali nataka kusikia kidole kikiteleza juu ya uzi na sikipati, kimefunikwa. Kama shida ya Kamba Sita ni kwamba hakuhisi kitu, simpeleki kwenye albamu yenye nguo nyingi zaidi.

Mwaka huohuo wa 2011 Moore alitoa kitu kingine ambacho watu wachache wanakitaja: 12 String Meditations for Jack Rose. Hakuna kuimba, hakuna ngoma, hakuna kinubi. Ni gita la nyuzi 12 na mtu. Ndiyo ningemwambia apakue kwanza, kabla ya zote mbili.

Jack Rose ni nani? Huyu alikuwa kwenye Pelt, bendi kutoka Virginia iliyokuwa ikishikilia mlio mmoja muda mrefu hadi chumba kinatetemeka. Kutoka kwenye fujo ile akaingia gita kavu moja kwa moja, vidole vitupu, akatoa Raag Manifestos mwaka 2004 na Kensington Blues mwaka 2005. Alifariki Desemba 2009, bado kijana. Yeye na Moore wamepita njia moja, na nasema bila wasiwasi kwamba Rose alikwenda mbali zaidi. Hakubeba nyimbo akazitafutia mapambo. Alibeba ule mlio mzito akauweka kwenye kidole gumba.

Na njia hii watu wameipita pande zote mbili. John Fahey, ambaye karibu kila mpigaji wa aina hii Marekani anadaiwa naye, alianza na gita kavu mwishoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1997 akatoa City of Refuge iliyojaa kelele za viwanda na vipande vya kanda, wasikilizaji wake wa zamani wakashangaa. Kwa hiyo tukiacha kuhesabu nani amekua na nani amechoka, tutasikia vizuri zaidi. Moore mwenyewe baada ya 2011 alirudi kwenye umeme bila kukawia: Chelsea Light Moving mwaka 2013, The Best Day mwaka 2014, na Spirit Counsel mwaka 2019 yenye vipande virefu mno bila kuimba.

Papa_wa_Kamalondo (Lubumbashi)

Wanangu, mjukuu wangu ndiye anayenisomea maneno yenu, nami namwambia aandike.

Huyo Jack Rose amenichezea Kensington Blues. Nimemsikiliza mara ya kwanza nikamwambia mtoto arudie. Huyo kijana alikuwa na gumba. Gumba linatembea chini bila kusimama, vidole vinaongea juu, na havigombani. Hapa kwetu tulijua hilo tangu wazazi wetu.

Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimkuta Mwenda Jean Bosco pale Jadotville, Likasi ya leo, akamrekodi Masanga. Gita moja, mtu mmoja, gumba na kidole cha shahada. Watu wa nje waliposikia sahani ile walidhani ni magita mawili. Nyuma yake walikuwepo akina Edouard Masengo na Losta Abelo. Muziki ule ulitoka hapa kwenye miji ya shaba ukafika hadi Nairobi, na huko vijana walikaa kuiga vidole vya Mwenda.

Jambo moja katika mazungumzo yenu limenisumbua, nataka kulisema. Mnasema gita kavu na utulivu mkiviweka pamoja. Sisi hatukulijua gita kavu kuwa chombo cha utulivu. Lilikuwa chombo cha kuchezea. Nyuzi za chuma, mkono mzito, na pembeni mtu mmoja anagonga chupa kwa kisu au msumari ili mdundo usipotee katikati ya watu wanaokunywa na kuongea. Gita lilipaswa kupita juu ya sauti zote hizo bila umeme wowote. Lilikwaruza, lilizizima, uzi ukigusa mbao ulipiga kelele, na tulipenda hivyo. Mjukuu amenionyesha pia wale Konono No. 1 wa Kinshasa, likembe zao (vyombo vya vijiti vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba) zimeunganishwa kwenye vipaza sauti vilivyochakaa hadi zinanguruma. Nikamwambia, sawa, hao ni ndugu wa yule mwenye chupa.

Kamba Sita, wewe mtoto wa Katuba, kabla hujanunua mega za hao wa Marekani au baada ya hapo, vyovyote, kaa na Masanga. Usiitafute kama kumbukumbu ya wazee. Isikilize kwa lile sikio lako la kelele, sikiliza kati ya noti, uzi unavyogonga. Kisha uje Kamalondo Jumapili mchana, ulete gita. Nina jirani ambaye bado anajua kugonga chupa.

Kamba_Sita (Lubumbashi, Katuba)

Aksanti sana nyote. Papa, shikamoo, na mwambie mjukuu namshukuru kwa kuandika.

Nimefuata agizo la Mama Fidla kwanza kwa sababu halikuhitaji mega. Nimelegeza ule wa tatu hadi re, nikauzungusha kidogo kama ulivyosema, na ile sauti ya kupanda na kushuka ikaja. Ikawa na haraka mno, nikazungusha tena, ikapungua. Nimekaa nayo usiku mzima bila kupiga wimbo wowote. Halafu nikarudi kwa Winner's Blues, ambayo siku zote nilikuwa nairuka nifike kwenye za umeme. Gita lile linalia kama langu lilivyolia, na safari hii tumbo limeitika.

Nimepakua Trees Outside the Academy na zile Meditations. Kwa sasa niko upande wa Nyuzi Kumi na Mbili: pale hakuna pa kujificha, na kuna sehemu anagonga nyuzi kwa mkono wa kulia hadi noti zinapotea, inabaki ngurumo tupu, na hakuna umeme wowote. Thurston @ 13 nimemchezea yaya, amesikiliza yote. Demolished Thoughts nitairudia kwa spika za masikioni kama nilivyoelekezwa, Circulation kwanza. Sijaifungia mlango.

Papa, Jumapili nitafika. Masanga naijua kwa sikio tangu utoto, ilipigwa sana kwa babu yangu, lakini vidole sijawahi kuvijaribu.

Mama Fidla, swali moja tu limebaki. Nataka jozi zote tatu, sol, sol, re, re, sol, sol. Umenikataza kuvuta zile mi. Sasa nifanyeje?

Mama_Fidla (Bukavu, Kadutu)

Huzivuti, unazibadilisha. Nunua uzi wa tano wa ziada, uuweke kwenye nafasi ya sita, na tano zote mbili uzishushe kutoka la hadi sol. Vilevile nunua uzi wa pili wa ziada, uuweke nafasi ya kwanza, na pili zote mbili uzishushe kutoka si hadi sol. Ya tatu na ya nne tayari ziko re. Hakuna uzi uliokazwa kupita uwezo wake, na kila jozi ina nyuzi mbili zilizo noti moja. Dukani wakikuuzia seti nzima tu, chukua seti moja, zitakazobaki tunza, kwa maana ile ya tatu imelegea sana na ikianza kugonga mbao utataka kuweka ya nne mahali pake.

Ukienda kwa Papa, rudisha kwanza nyuzi kwenye noti za kawaida. Au nenda na magita mawili.